Nani Alimtuma Baba Pacha?

Mgeni alitarajiwa kesho.

Lakini alikuwa ameshasimama langoni mwa ghala, suti ya kijivu, viatu bila chembe ya vumbi, akitabasamu kama mtu aliyekuja kuchukua kilicho chake. Nyuma yake lori jeupe la Isuzu lilikuwa likirudi kinyumenyume kuelekea makasha ya bluu.

Makasha yale yale.

Juu yake paliandikwa pampu za maji. Ndani, Idara ya Ujasusi ilijua, mlikuwa na mitambo ya kukata mawasiliano kati ya rubani na mnara wa uwanja wa ndege. Walioilipia waliishi ng'ambo. Ndege moja tu ikianguka, nchi mbili zingeshikana mashati, nao wangekaa pembeni wakiuzia silaha pande zote mbili.

Ganzi alimtazama mgeni bila kupepesa.

Jina hilo alipewa na Idara siku za mafunzo, alipoteguka kidole akauliza kama wanaweza kuendelea. Hapa ghalani hakuna aliyelijua. Hapa alikuwa msimamizi wa zamu, mwanamke mwenye koti la njano na bunda la funguo kiunoni. Kazi aliipata kihalali. Mkurugenzi alimhoji, akampa mkataba, akamkabidhi zamu ya asubuhi. Zaidi ya hapo mkurugenzi hakujua kitu.

Moyo wake haukwenda mbio. Siku hizi haukwenda mbio kwa lolote.

"Habari za asubuhi, mama," mgeni alisema. "Nimekuja kuchukua pampu zangu."

"Nzuri. Hati ya kutolea mzigo?"

"Iko njiani. Vijana waanze kupakia."

"Kwetu hapa hati hutangulia, mzigo hufuata."

Mgeni alicheka. Alipocheka, koti lake lilifunguka kidogo upande wa kushoto.

Bastola ya Glock.

Ganzi aligeuka, akainamisha uso kama anayekohoa. Ndani ya kola yake kilishonwa kinasa sauti kidogo kuliko punje ya mchele.

"Shangazi, wageni wamefika."

Sauti ya bosi wake wa Idara sikioni ilikuwa kavu. "Wageni ni wa kesho."

"Wameamua kula leo."

"Wapishi wako mbali. Wacheleweshe mezani."

"Wameshaanza kubeba sahani."

"Basi funga mlango."

Mawasiliano yakakatika.

Funga mlango. Maneno ni matamu kwa aliye mbali. Mota ya lango ilikuwa imekufa, na fundi alikuwa wa kuja leo, kesho, keshokutwa. Kitu kizito pekee kilichoweza kuziba nafasi ile kilikuwa foklifti ya Toyota ya kuinulia mizigo, na aliyeiendesha alikuwa Baba Pacha.

Ganzi alimkuta akifuta kioo cha pembeni kwa mkono wa shati.

"Washa mashine. Beba ile paleti ya saruji, ukazibe lango. Lori lile lisitoke."

Baba Pacha alilitazama lori, akamtazama yeye. "Mkuu, nina pacha wawili na mama yao. Bado sijachoka kuishi."

"Halina hati."

"Hata ya kubabaishia?"

"Hata hiyo."

Baba Pacha aliacha kufuta kioo. Kufanya kazi hakukuwa shida yake. Shida yake ilikuwa nyingine, na aliisema polepole. "Na nikimgonga mtu? Watasema ni Baba Pacha. Hakuna atakayesema nilitumwa. Wakubwa mna ugonjwa wa kusahau."

"Uko kazini. Mimi ndiye msimamizi wako. Lolote likitokea, nitasimama niseme nimekutuma mimi."

"Utasimama wapi?"

"Popote watakapouliza."

"Ahadi?"

"Ahadi."

Ganzi alikuwa ametoa ahadi nyingi katika kazi hii. Kwake zilikuwa sehemu ya mavazi.

Foklifti ilinguruma.

Dereva wa lori aliiona, akakanyaga mafuta. Baba Pacha hakukwepa. Chuma kililia juu ya chuma. Paleti ilipinduka, mifuko ya saruji ikaporomoka upande wa barabara, na vumbi jeupe likafunika kila kitu.

Mgeni alichomoa bastola.

Ganzi alishafika. Bunda la funguo lilimpiga kwenye kifundo cha mkono. Glock ikaanguka. Goti likafuata tumboni, kisha kiwiko nyuma ya shingo. Suti ya kijivu ililala sakafuni, na kwa mara ya kwanza viatu vile vikapata vumbi.

"Mlango umefungwa," aliiambia kola yake.

"Tumesikia. Wapishi wanaingia."

Hilux nyeusi zilifunga breki nje. Wanaume wasiosema kitu walimwagika wakiwa na bunduki.

Hapo ndipo Ganzi aliposikia sauti. Chini ya mifuko, upande wa barabara, mpakiaji wa kampuni jirani aliyekuwa akipita na mkokoteni alikuwa akimwita mama yake. Mguu wake ulikuwa umebanwa, nao ulielekea upande usio wake. Baba Pacha alikuwa ameshapiga magoti, akirusha mifuko ya saruji kama mito ya pamba.

"Samahani mdogo wangu," alikuwa akirudia. "Samahani. Samahani."

Ganzi aliinua mfuko mmoja, kisha mwingine. Hakuhisi uzito wake.

Kabla jua halijazama, Ganzi hakuwepo.

Idara ina watu wa kazi hiyo. Mkataba wake uliondolewa ofisini, picha zikafutwa, mkurugenzi akaapishwa asiseme neno. Magazeti yaliandika kuwa pampu mbovu za maji zimekamatwa.

Wiki zikapita. Ganzi alikuwa katika mji mwingine, chumba cha juu chenye kitanda, kiti na pasipoti yenye jina jipya. Safari ilikuwa wiki ijayo. Laini ya simu ya ghalani alitakiwa kuivunja. Hakuivunja, wala hakujua kwa nini. Aliiwasha.

Ujumbe wa sauti ulikuwa ukimsubiri.

"Mkuu, hujambo? Ni mimi, Baba Pacha. Sijui kama unasikia. Yule kijana, mfupa haukuunga vizuri, atapasuliwa tena. Ametudai fidia, na ana haki. Bima ya kampuni ingemlipa. Ila watu wa bima wanasema inamkinga mwenye kampuni, na mfanyakazi akiwa anafanya kazi ya kampuni. Mimi wanasema sikuwa kazini, nilijituma kwa wazimu wangu. Nikawaambia nilitumwa na msimamizi. Wanasema msimamizi huyo hajawahi kuwepo. Hata mke wangu ameanza kuniuliza kama nilikuota. Shauri litasikilizwa Alhamisi, ofisini kwao. Bima ikinikana, nyumba inakwenda, na kijana hatapata hata nusu ya matibabu. Basi, mkuu. Nakusalimu huko uliko, hata kama hupo."

Aliusikiliza tena. Alingoja kuhisi kitu. Hakikuja.

Akampigia Shangazi.

"Naomba ruhusa."

"Ya nini?"

"Ya kuwepo."

Shangazi alikuwa ameshajua habari yote. Kazi yake ni kujua. "Maelezo yako yatarekodiwa kwa video," alisema. "Video itakwenda kwa mawakili wote, pamoja na wa yule wa suti ya kijivu. Miaka yote hii hakuna mwenye picha yako, mwanangu."

"Basi Idara ilipe kimya kimya."

"Ikilipa, imekiri ilikuwepo. Haiwezi." Aliteremsha sauti. "Uso wako ni mali ya Idara."

"Ahadi ni yangu."

Ganzi alikata simu.

Alhamisi, chumba cha mikutano cha kampuni ya bima kilinuka zulia jipya. Ofisa wa madai alikuwa amekaa nyuma ya kamera. Upande mmoja alikaa Baba Pacha, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likakunjika upya. Upande wa pili mpakiaji, magongo mapajani.

Mlango ulifunguka.

"Mama yangu!" Baba Pacha alinong'ona. "Sikuota."

"Wewe ni nani?" ofisa aliuliza.

"Msimamizi wa zamu ile."

"Jina?"

Alilitaja. Lile alilopewa na wazazi wake. Lilitoka kinywani likiwa na kutu.

"Tuliambiwa hukuwahi kuwepo. Mtaani inasemekana ulikuwa mtu wa serikali," ofisa alisema.

"Nilikuwa na kazi mbili. Moja sitaizungumzia. Ya pili nilipewa na mkurugenzi: mshahara, zamu na funguo. Mwiteni, muulizeni mbele yangu kama mimi ni ndoto."

Ofisa aliegemea mbele. "Na kugonga lori, hiyo ni kazi ya kampuni?"

"Mzigo usitoke bila hati. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya msimamizi. Lori halikuwa na hati. Nilimwagiza dereva azibe lango, akaziba. Alinionya kuhusu watu, mimi nikasisitiza. Hakujua kingine chochote. Alikuwa mfanyakazi anayemtii mkuu wake, saa za kazi, kwa mashine ya kazi."

Ofisa aliivua miwani.

"Basi dereva yumo ndani ya bima. Na huyu kijana atalipwa." Alisita. "Ila wewe, kama ulikuwa na sababu zako nyingine, bima inaweza kukutoa. Ukidaiwa, utasimama peke yako."

"Nitoeni."

Aligeuka, akaitazama kamera sawasawa, uso mzima, mpaka taa yake nyekundu ilipozimika.

Baba Pacha alimfuata mpaka kwenye korido, huku akijifuta macho kwa kiganja. "Mkuu, mimi hata sijui niseme nini."

"Usiseme. Una zamu leo?"

"Ya mchana."

"Basi utachelewa."

Dereva alicheka na kulia kwa pamoja. Ganzi alimwangalia kwa makini, kama mtu anayesoma lugha aliyowahi kuijua.

Simu ilitetemeka. Shangazi. Maneno mawili: *Usirudi tena.*

Alitoa laini, akaivunja, akaidondosha kwenye pipa la taka. Nje jua lilikuwa kali na barabara imejaa watu. Hakuvaa kofia wala miwani. Hakuangalia vioo vya maduka kuona nani yuko nyuma yake.

Alivuka barabara, akaenda zake.