Bata Mdomoni mwa Skerry

"Bata amelala matetini," sauti ilisema kwenye kidude cha sikioni. "Narudia, amelala matetini. Usimwache Astbury aondoke naye."

"Nimesikia."

Elspeth Gourlay alifunga zipu ya koti lake la Barbour hadi kidevuni. Upepo wa Ziwa Ardrennan ulikata kama wembe. Bastola yake ya Glock ilikuwa garini. Katika mashindano ya mbwa wa kuokota ndege, washindani hawabebi silaha. Bunduki ni za wapigaji, na mbwa anapofanya kazi, zote huwa zimefunguliwa, tupu.

Alikuwa na fimbo na mbwa tu.

Ng'ambo ya maji, tumboni mwa bata aliyekufa, kulikuwa na kadi ya chuma yenye majina kumi na moja. Watu waliojipenyeza kati ya wafanyamagendo wa silaha. Jina la nne lilikuwa Fergus Gourlay, mdogo wake wa pekee, ambaye muda huohuo alikuwa ameketi meza moja na majambazi. Matete yalienea kilomita nzima. Aliyejua bata yuko wapi ni mshindani mwenzake, Neville Astbury, peke yake.

Astbury alimtazama Skerry, mbwa wa Elspeth, Labrada mweusi mwenye sikio lililochanika.

"Bibie, hicho kitambaa cha deki umekitoa wapi?"

"Jikoni kwangu."

"Mnyamaze," alisema mwamuzi, Bi Haldane, miaka sabini na mbili, aliyechukia watu wote bila ubaguzi. "Namba sita. Peleka mbwa."

Astbury alimwelekeza mbwa wake wa rangi ya asali, aliyemnunua siku kumi zilizopita akiwa amekwisha fundishwa. Mbwa alivuka, akazama matetini, akatokea na bata. Kazi safi.

Elspeth alikaza mkono kwenye fimbo.

Hapo Astbury akashindwa kusubiri. Aliingia majini hatua tatu, akamkamata bata shingo, akavuta.

Watu wote ukingoni waliguna. Kule Ardrennan, afadhali upige mluzi msibani kuliko kumnyang'anya mbwa ndege. Mbwa akishanyang'anywa, ama atang'ang'ania, ama atakimbia. Huyu alikimbia na bata wake. Alimwangusha bata katikati ya ziwa na kuogelea zake upande wa pili.

"Umetolewa," Bi Haldane alisema. "Namba saba."

"Skerry. Lete," Elspeth alisema.

Skerry alipokuwa mdogo alitafuna viatu, redio na mguu wa kiti. Elspeth alimfundisha majira mawili ya baridi. Kwanza kipande cha zulia kilichokunjwa, kidole chini ya taya, na neno moja: shika. Sekunde mbili. Kesho tano. Kisha mlango ukibamizwa. Kisha soseji ya moto ikifuka mvuke mbele ya pua yake. Hakuvuta hata mara moja. Alingoja, na Elspeth aliposema toa, mdomo ulifunguka wenyewe.

Skerry alirudi na bata, akaketi mbele yake, kichwa juu.

Mdomo wa bastola ulimgusa Elspeth shavuni. Walther.

"Mwambie atoe," Astbury alisema.

"Mwambie wewe."

"Toa! Toa, mbwa mjinga!"

Skerry alimtazama Elspeth.

"Tutafika baada ya dakika nne," sauti ya sikioni ilisema.

Nyingi mno.

Astbury alifyatua risasi ardhini. Ndege waliruka ziwa zima. Skerry alipepesa macho tu. Milio ya bunduki ndiyo kazi yake ya kila siku. Kumpiga risasi mbwa ni kuhatarisha kadi, na Astbury alilijua hilo.

Sikio la kufa halisikii dawa. Aliinama, akamkamata bata kwa mkono mmoja.

Akavuta tena.

"Shika," Elspeth alisema taratibu.

Skerry alijirudisha nyuma kwa kilo zake zote thelathini na mbili. Matope yakateleza. Astbury akapiga goti, bastola ikaelekea mawinguni.

Fimbo ilishuka juu ya kifundo cha mkono.

Krak.

Walther ilizama ziwani. Pigo la pili, begani, lilimlaza Astbury kifudifudi. Elspeth akamkanyaga mgongoni.

Bi Haldane hakuinuka kwenye kigoda chake.

"Namba saba, namngoja ndege wangu."

"Toa."

Bata alishuka kiganjani. Mwamuzi alimbonyeza mbavu kwa vidole, kama abonyezavyo kila ndege, kuona kama mbwa ameuma.

"Nzima zote. Tena kuna moja ya ziada, ya chuma." Akamrudishia. "Hii nadhani ni yako. Na umetolewa mashindanoni. Kumpiga mshindani mwenzio."

"Sawa, mheshimiwa."

"Mbwa hana kosa."

Ving'ora vilisikika barabarani. Elspeth aligusa sikio.

"Kadi ninayo. Mtoeni Fergus."

Alingoja jibu akiogopa kuliko alivyoogopa bastola.

"Ametoka. Yuko garini kwetu. Anasema una deni lake la likizo."

Elspeth alifumba macho. Polisi walipofika na kumtia Astbury pingu, aliondoka bila kugeuka, Skerry ubavuni. Kwenye Land Rover alifungua chupa ya chai, akatoa soseji kwenye karatasi na kuiweka mbele ya pua yenye matope.

Skerry aliketi, akangoja.

"Haya," alisema. "Leo kula."