Kwapa la Kushoto

Shangazi yangu alikuwa mpimaji wa damu katika hospitali ndogo isiyo na mashine ya kupashia joto. Vichupa vyake alivipasha kwapani, mkono mmoja umebana, mwingine umeshika kikombe cha chai. Wenzake walimwita Mama Kuku. Naye aliwajibu, "Na vifaranga wangu wote wanatembea."

Mchana mmoja, wodini, mke wa fundi baiskeli alijifungua na damu haikukata. Kwenye friji ulibaki mfuko mmoja tu wa damu, wa kundi lake. Shangazi akachanganya tone kutoka mfuko ule na maji ya damu ya mgonjwa, akakibana kichupa kwapa la kushoto, akasubiri.

Kwenye kidirisha cha maabara akatokea nesi mwenye barakoa. Shangazi hakumfahamu.

"Nipe mfuko."

"Bado, dada. Naatamia."

"Kundi ni lile lile."

"Hata za kundi moja hukataana."

"Anakufa," yule akanong'ona. "Mikononi mwako."

Lilikuwa neno la kweli, na Shangazi alikaribia kuinuka. Ndipo akaona. Mtu alikuwa akizungumza, lakini barakoa haikucheza.

Mkono ukaingia kidirishani. Ukavuka meza. Ukazidi kurefuka. Vidole vikapenya kwapani mwake, vya baridi. Kichupa kikaanza kupoa.

"Nipe."

"Sikupi! Hata kama ni Mauti mwenyewe, kapange foleni!"

Akakichomoa, akakihamishia kwapa la kulia. Akabana. Hakufumba macho.

Muda ulipotimia, kidirisha kilikuwa kitupu. Akainua kichupa kwenye mwanga. Damu ilikuwa imeshikana mabonge, kama mchanga mbichi. Mfuko ule ungemuua.

Akakimbilia wodini, akamshika mkono binti mmoja, mdogo wa mgonjwa. "Njoo mwanangu, nikuibie damu kidogo." Vipimo vya binti vikatoka safi. Shangazi akaatamia tena, watu wakimpigia kelele aharakishe. Safari hii damu ilitulia laini. Mgonjwa akaishi.

Wodini walisema hawakumtuma mtu.

Sijui alikuwa nani, wala simhukumu. Pengine naye ana bosi anayemharakisha.

Juzi Shangazi, mzee sasa, alishikwa na homa kali. Nikamwekea kipimajoto kwapa la kushoto. Hakikupanda. Hata kidogo.

"Hilo liache," akasema, akiinua mkono wa kulia. "Weka huku. Huku bado naatamia."