Saa ya Mkono wa Pili

Asubuhi ya nne tangu ainunue saa, ufunguo uligoma. Mwokaji alikuwa ameshaingiza mikate ya kwanza tanurini, akafuta unga vidoleni na kuitoa saa yake kwenye msumari ili aitie ufunguo kama alivyofundishwa: mizunguko thelathini, polepole, na kitufe kikikataa usilazimishe. Kitufe kilikataa mzunguko wa kwanza. Saa ilikuwa imejaa, na yeye hakuwa ameijaza tangu jana asubuhi.

Mwingine angeshukuru kupunguziwa kazi. Mwokaji huyu ni mtu wa kuhesabu hata mayai aliyoyavunja mwenyewe, na papo hapo akajua kwamba nyumbani mwake kuna mkono usio na adabu.

Ilikuwa saa yake ya kwanza ya ufunguo. Miaka yote alitegemea simu, na simu tatu zilikuwa zimekufa kwa kujaa unga. Fundi saa alimtandazia saa tatu mezani kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikaa chini ya meza muda wote. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya rangi ya dhahabu, saa ya watu wa kuringa. Ya pili ilikuwa ndogo mno, ilipotea kwenye kifundo chake kinene. Ya tatu ilikuwa ya chuma, uso mweupe, mkanda wa ngozi wenye matundu saba. Aliiweka sikioni ikadunda taratibu, bila haraka, akaipenda.

"Hii ni ya mkono wa pili," fundi alisema.

"Hata baiskeli yangu ni ya mkono wa pili, na inanifikisha."

"Haya. Mimi nimesema," fundi akajibu, wala hakucheka.

Sasa akaupeleka mkanda dirishani. Yeye alifunga tundu la pili kutoka nchani, na hapo ngozi ilikuwa na kunjo lake. Lakini palikuwa na kunjo jingine, bichi, kwenye tundu la saba. Akaunusa. Ulinuka udongo uliofukuliwa muda si mrefu.

Nyumba ilikuwa na watu watatu: yeye, mkewe, na baba wa mkewe, karani mstaafu ambaye vifundo vyake vilikuwa vyembamba kama mpini wa mwiko. Mkwe haulizwi uso kwa uso mambo kama hayo, kwa hiyo Mwokaji alimvuta mkewe jikoni.

"Mzee anavaa saa yangu," alinong'ona.

"Baba yangu?"

"Nani mwingine ana mkono wa tundu la saba?"

"Sema polepole, atakusikia."

Mzee alikuwa ameshasikia. Hakugomba. Alikunja nguo zake, akasimama mlangoni na mkoba. "Mwanangu," alisema, "mkono huu umeshika kalamu za ofisi miaka thelathini, na hata kalamu moja haujaja nayo nyumbani. Kaeni salama." Akaenda kwa mtoto wake wa kiume. Mkewe hakulia, ila tangu siku hiyo alimwekea Mwokaji chakula mezani na kugeuka bila kumkaribisha.

Kesho yake saa ilikuwa imejaa tena, na kunjo la mgeni lilikuwa limehamia tundu la sita.

Mwokaji aliona haya, kisha akaona jambo la pili, na haya ikageuka hofu. Ile saa ilikuwa ikimcheza kifundoni, imelegea. Alikuwa amehamia tundu la tatu bila kujua amehama lini. Donge la unga alilolikanda miaka ishirini kwa mikono miwili sasa lilielemea upande wa kushoto, na alipoweka mikono yake sambamba juu ya meza, wa kushoto ulionekana wa mtu aliyetoka kuugua. Mwokaji bila mikono ni mtu aliyesimama tu karibu na moto. Aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia.

Siku iliyofuata alichunga unga laini juu ya meza na sakafuni kote, akaiweka saa katikati, akafunga mlango na kukaa nje mchana kweupe, ufunguo wa mlango mfukoni. Kwa muda hakusikia kitu; kisha akasikia mle ndani kitu kikiburuzwa juu ya meza, polepole, kikatulia, kikaburuzwa tena, na ile harufu ya udongo ikapita chini ya mlango ikamjia puani hata akajikuta amesimama na hajui kama amesimama ili aingie au akimbie. Alipofungua, sakafu haikuwa na unyayo hata mmoja. Juu ya meza, ndani ya unga, palikuwa na alama ya mkono uliolala: kiwiko, kifundo, kiganja, vidole vitano virefu. Baada ya kiwiko hapakuwa na kitu. Saa ilikuwa imefungwa tundu la tano, na ndani ya mkanda hapakuwa na mtu.

Alikimbia kwa fundi. Fundi aliitazama saa bila kuigusa, kisha akautoa mkono wa kushoto chini ya meza. Ulikuwa mwembamba kama wa mtoto.

"Nilikwambia ni ya mkono wa pili. Hukuuliza wa nani."

"Wa nani?"

"Wa jini asiye na mwili. Unapoivaa wewe, unaulisha. Ukiivaa wenyewe, unanenepa. Siku wewe na huo mkono mtakapofunga tundu lilelile, mkono wako utakuwa wake. Mimi niliwahi kuivua kabla ya hapo."

Mwokaji akatazama kifundo chake. Asubuhi hiyo alikuwa amefunga tundu la nne. "Nifanye nini?"

"Usiivae tena. Iache ife njaa, siku mbili haifiki."

"Lakini inajijaza."

"Mkono mmoja haulei mwana, wala haujitii saa ufunguo. Kuna mwenziwe anayeujazia." Fundi alimtazama mkono wa kulia. "Muulize mkeo unalalaje."

Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakaa chini. "Kila alfajiri unakaa kitandani macho yamefumbwa," alisema, "vidole vya kulia vinazungusha hewa. Nilidhani unaota kazi." Akainua macho. "Umemfukuza baba yangu kwa ajili ya mkono wako mwenyewe."

"Nitakwenda kumpigia magoti."

"Utakwenda. Kwanza lete huo mkono."

Waliifungia saa kwenye sanduku la bati katika chumba cha tanuri, kule uani. Mkewe alimfunga mkono wa kulia kwa kitambaa, mafundo matatu, akaufunga kwenye mkono wake mwenyewe wa kushoto, wakalala hivyo. Usiku wa kwanza vidole vya Mwokaji vilifurukuta vikashindwa. Mchana saa ilisikika ikidunda kwa uchovu. Usiku wa pili vidole havikusogea kabisa, naye akalala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa wiki nzima.

Aliamka kukipambazuka. Mafundo yote matatu yalikuwa imara. Nyumba ilikuwa kimya, na ndani ya kimya hicho, kutoka uani, kupita bati na mlango uliofungwa, saa ilikuwa ikidunda kwa nguvu, imeshiba.

Akageuka. Mkewe alikuwa amekaa macho yamefumbwa. Mkono wake wa kulia, ule ambao hakuna aliyekumbuka kuufunga, ulikuwa umeinuliwa mbele ya kifua, na kidole gumba na cha shahada vilizungusha hewa, polepole, bila kulazimisha.

Mwokaji alimwita, hakuamka. Alitaka kumtikisa kwa mkono wa kushoto, na mkono haukumsikiliza. Ukakaa pale juu ya shuka, umejaa, mzito kuliko siku zote, na kwenye kifundo palikuwa na alama mbichi ya mkanda ambao yeye hakuuvaa. Kisha ukainuka wenyewe, ukampita yeye, na kuanza kumpapasa mkewe nywele kwa upole ambao Mwokaji hakuwahi kuwa nao.

Mkewe akatabasamu, macho bado yamefumbwa.