Lenzi Haina Kosa

Adhuhuri hiyo duka la kusafisha picha lilifurika watu wa picha za pasipoti, na kila mmoja alikuwa na haraka yake. Mpiga picha akapenya katikati yao, mrefu, shati jeupe limenyooshwa vizuri lakini vifungo vimekwenda kombo. Akamkabidhi msichana wa mashine memori kadi.

"Unakuza vizuri, dada?"

"Nakuza ninacholetewa," alijibu bila kuinua macho. "Ukileta ukungu, utapewa ukungu mkubwa zaidi."

Mpiga picha alicheka mpaka foleni nzima ikageuka. Kesho yake alirudi bila picha yoyote, na keshokutwa vilevile. Baada ya miezi mitatu alikuwa akimwita bibie, wakiongea kwenye simu hadi sikio liwake moto, na shangazi wa msichana ameanza kuuliza huyo kijana atakuja lini kujitambulisha.

Ni wakati huo picha za kijana zilipoanza kulegea, zikitoka na ukungu. Zikiwa ndogo za kiganjani hakuna aliyegundua, maana kwenye karatasi ndogo hata lenzi mbovu hupendeza. Msichana alilijua hilo. Kila mteja wa mpenzi wake alipotaka picha kubwa, alimwambia karatasi kubwa zimekwisha. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na kila mara aliogopa, asijue anaogopa nini. Mpiga picha naye aliilaani lenzi yake, ile ya kuzungushwa kwa mkono mpaka picha iwe wazi. Akaibadilisha kwa nyingine ya bei, kisha nyingine tena. Ukungu ukabaki ule ule.

Ndipo mama mmoja, mteja wa mpiga picha, akataka picha ya harusi ya bintiye, kubwa ya kujaza ukuta, na hakukubali visingizio. Karatasi ilipotoka, bi harusi hakuwa na macho. Palikuwa na madoa mawili meusi tu.

Jioni simu ya msichana ililia. Alikuwa mpiga picha.

"Nasikia huwa unawakatalia wateja wangu picha kubwa. Kweli?"

"Kweli, mpenzi, lakini..."

"Kumbe kazi yangu inakutia aibu. Ungeniambia tu." Akakata.

Siku nne mpiga picha hakupokea simu zake. Siku ya tano msichana alimfuata studio, akachukua kamera mezani na kuipiga picha kalenda ya ukutani. Akamwomba na yeye aipige, akisimama pale pale. Wakarudi dukani. Msichana akazisafisha zote mbili kwa ukubwa mmoja, akazilaza mezani. Kwenye ya kwanza hata tarehe ndogo kabisa zilisomeka. Ya pili ilikuwa kama kalenda iliyonyeshewa mvua.

"Lenzi ni moja," alisema. "Niambie ipi ni yako."

Mpiga picha aliinama, pua ikakaribia kugusa karatasi. Akatazama ya kwanza, akatazama ya pili, akarudi kwenye ya kwanza. Mashine ilinguruma taratibu nyuma yao.

"Unanitania," alisema mwishowe. "Zinafanana."

Msichana akaanza kumsomea tarehe za ile ya kwanza, moja baada ya nyingine. Akauona uso wa mpenzi wake ukibadilika polepole, kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa kwa nje.

Daktari alisema macho yote mawili yanachakaa katikati. Dawa zingechelewesha upofu, hazingeuzuia.

"Nilitaka nije kwenu mwezi ujao," mpiga picha alimwambia wakitoka hospitali. "Sasa sijui nije au nisije."

"Njoo mwezi huu."

"Bibie, itafika siku tutakaa meza moja nisijue umevaa nini."

"Nitakwambia. Na nikikudanganya, shauri yako."

Alicheka kidogo, akaushika mkono wake kwa nguvu kuliko siku zote.

Walipofika studio, mpiga picha akaomba kitu kimoja: ampige msichana picha kwa mikono yake mwenyewe. Safari hii hakulitegemea jicho. Alianzia kwenye viatu vya msichana, akarudi nyuma hatua tatu za kuhesabu, kisha akamwita aje amsomee namba za umbali zilizochongwa kwenye lenzi. Akazungusha hadi alipoambiwa basi.

"Rudi pale pale. Unatabasamu?"

"Ndiyo."

Dukani picha ilitoka kubwa, kali ajabu, kila unywele mahali pake. Tabasamu halikuwepo; kidevuni lilining'inia chozi, na ndani ya chozi dirisha la studio lilionekana lote.

"Imetoka?" aliuliza mpiga picha, shingo ameinyoosha kuelekea kwenye karatasi.

"Imetoka vizuri sana."

"Basi tutaitundika chumbani kwetu. Kila nikiamka nikukute unatabasamu."

"Sawa, mpenzi," alisema, akaanza kuikunja karatasi taratibu.