Maji ya Mchele

Zulia la sebuleni lilikuwa limelowa, na Jeddah haikuwa imeona tone la mvua tangu Machi. Beldina alipiga magoti, akaligusa, akanusa vidole. Hayakuwa maji ya bomba, wala si mkojo wa mtoto. Ilikuwa harufu ya majani mabichi na sufu ya kondoo aliyenyeshewa, na aliijua vizuri kwa sababu aliivumilia Agosti nzima kule Uingereza.

Alipangusa haraka. Ilikuwa saa tisa alasiri, wakati nyumba za mtaa wa Al-Nuzha hufunga mapazia na kulala. Zilikuwa zimebaki siku kumi mkataba wake wa miaka miwili uishe. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, Baba Talal, alikuwa Riyadh kikazi, na aliahidi kwamba akirudi tu atatia sahihi karatasi zake za kutoka. Kule Awendo, Kenya, binti yake Terry, mtoto wa miaka sita, alikuwa akichora mstari mmoja kila siku kwenye ukuta wa nyumba mpya ya vyumba viwili, nyumba ambayo Beldina aliijenga kwa kupangusa mazulia ya watu. Mwenye siku kumi hataki kosa, hata dogo.

Kesho yake zulia likalowa tena. Siku ya tatu madam, mke wa Baba Talal, akaliona.

"Beldina! Taali! Njoo! Nini hii?"

"Sijui, madam."

"Kila siku sijui." Madam Abiri alimkazia macho mpaka Beldina akatazama chini.

Beldina naye alimshuku madam. Alishuka hadi kwa Hezron, dereva wa nyumba, Mkenya mwenzake, aliyekuwa anaosha gari.

"Huyu mama ananitafutia sababu," alinong'ona. "Anamwaga maji mwenyewe ili bosi akirudi asisaini."

"Inanuka nini?"

"Kama kule kijijini Uingereza tulikoenda. Kondoo. Mvua."

Hezron akafunga bomba. "Aki Beldina, hiyo ya harufu usiambie mtu. Hapa wakianza kusema housegirl ameleta uchawi, utatetewa na nani? Siku nane tu, dada. Kaa kimya."

Kijiji chenyewe kilikuwa na barabara moja, kanisa la mawe, duka la chai, na bata waliovuka njia bila kumjali mwenye gari. Familia ilikodi nyumba ya mawe kwa likizo ya Agosti, ikazunguka kama watalii wanavyozunguka: leo magofu ya ngome, kesho gari moshi la zamani, keshokutwa bustani ya kupotezana. Beldina alikwenda mara moja tu, kubeba mkoba wa Lujeni, mtoto wa madam mwenye miaka mitano. Siku nyingine alibaki kupika kabsa, wali wao wa nyama. Sinki lilikuwa dogo na sufuria ya mchele ilikuwa kubwa, kwa hiyo maji yanayochemka aliyapeleka nyuma ya nyumba, akayamwaga kwenye kisima cha kale kilichofunikwa kwa wavu wa chuma.

Sasa, siku ya kwanza kabisa Jeddah, madam alimfundisha kwamba maji ya moto hayamwagwi kimya. Sema bismillahi kwanza, walio chini wapishe. Beldina, mlokole wa kuzaliwa, alisema kwa sababu madam alikuwa akisikiliza. Lakini Uingereza? Alicheka peke yake. Jini gani wa Kiarabu ataishi kwenye baridi hii? Akamwaga siku ishirini na sita bila kufungua mdomo. Siku ya mwisho, maji yalipofika chini, alisikia kitu kikivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Akasema moyoni ni ndege.

Siku ya tano baada ya zulia kulowa, alikuta kando ya tundu la maji bafuni kitu cheupe, chembamba, chenye unyevu. Aliokota akidhani ni ganda la kitunguu. Lilikuwa na vinyweleo.

Siku ya saba, saa ileile ya kulala, alimsikia Lujeni chini ya meza akizungumza Kiingereza cha shuleni kwao.

"Habibti, unaongea na nani?"

"Na bibi aliyeungua," mtoto alisema. "Anauliza nani alimwaga."

Beldina alisimama pale na kitambaa mkononi, na harufu ile ya sufu ikapanda, safari hii ikiwa imechanganyika na harufu ya mchele uliochemka, na akaona kitambaa cha meza kikivutwa chini polepole upande ambao mtoto hakuwepo, na akataka kusema jina la Yesu na akataka kusema bismillahi, na yote mawili yakagombana kooni hata lisitoke moja. Nyuma yake, mlangoni, madam alikuwa amesimama anasikiliza.

Madam hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha Beldina, akafungua sanduku, akatoka na kichupa cha mafuta ya upako, yale ambayo mchungaji alimpa uwanja wa ndege Nairobi.

"Nini hii?"

"Mafuta ya maombi, madam. Ya kanisa."

"Ya sihiri. Uchawi." Madam alikishika kichupa mbali na mwili wake. "Kesho shekhe atakuja. Akisema ni wewe, halas, basi, polisi."

Beldina alihofu kuliko siku zote za maisha yake. Ile mistari ya Terry ukutani ilimjia, akaona itaendelea kuchorwa mpaka ukuta uishe.

Shekhe alifika baada ya alasiri, mzee mpole mwenye chupa ya maji ya zamzam. Alimsomea Lujeni kwa saa nzima. Mtoto akalegea, kisha akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kikongwe, nzito, ikisema Kiingereza cha mashambani. Shekhe akasita. Jini lile halikujua Kiarabu, na yeye hakujua Kiingereza. Kiingereza cha madam kilikuwa cha dukani.

"Linasema nini?" shekhe aliuliza.

Madam akageuka kumtazama Beldina, yule aliyemtuhumu uchawi. Hakuwepo mwingine wa kutafsiri.

"Linamtafuta aliyelimwagia maji ya moto," Beldina alisema. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema ni madam. Alimtazama mtoto, midomo imemgeuka buluu kwa baridi. "Ni mimi, shekhe. Kule kijijini, kisimani. Sikusema bismillahi. Mafuta hayana hatia."

Shekhe akamwambia aombe radhi. Akaomba, kwa Kiingereza, machozi yakimtoka. Sauti ile ya kikongwe ikajibu, na jibu lilikuwa na sehemu mbili.

"Linamwacha mtoto," Beldina alitafsiri. "Linaondoka."

Sehemu ya pili aliimeza. *Kwangu umepachemsha, sina pa kurudi. Wewe utanipa nyumba yako.*

Zulia likakauka. Lujeni akala, akacheka. Baba Talal akarudi, akatia sahihi. Madam akamrudishia kichupa chake, akampa tende na mtandio wa hariri, akamkumbatia upesi kidogo kuliko ilivyohitajika. Mlango ulipofungwa, Beldina alisikia maji yakimwagwa kizingitini, na madam akisema bismillahi kwa sauti kubwa.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Beldina aliusema msemo huo moyoni, akajikemea, akapanda gari ambalo Hezron angempeleka nalo uwanja wa ndege, kiti cha nyuma.

Simu ikalia. Terry. "Mum, nimefagia nyumba yote! Nimekutandikia. Nitalala na wewe leo, si ndio?"

"Ndio, mamangu," alisema, kisha akanusa hewa. "Hezron, unasikia harufu?"

"Harufu gani?"

"Ya mvua."

"Mvua Jeddah? Ni furaha inakusumbua, dada."

Labda. Aliomba iwe hivyo. Alinyoosha mkono kwenye kiti tupu kilichokuwa kando yake. Kilikuwa kimelowa, tena vuguvugu, na mkanda wake wa usalama ulikuwa umefungwa.

"Mum? Mum, uko?"

Beldina alikata simu. "Hezron, geuza gari."

"Unasema nini? Ndege ikikuacha na hizo karatasi zikiisha, wewe ni mtu wa kukimbia askari. Utaishi wapi?"

"Mtaa wa Bani Malik si kuna vyumba vya kukodi?"

"Viko. Lakini mtoto wako—"

"Ni kwa ajili yake. Geuza gari, ndugu yangu." Alikuwa analia bila sauti, mkono wake ukiwa bado juu ya kile kiti. "Niulizie chumba cha watu wawili."