Uani kwa Mama Magesa

Jioni, Debora akishaosha vyombo na kumaliza kazi zake za shule, hunisomea. Tunaishi wawili hapa Makoko, mjini Musoma. Mama yake anafanya kazi Bunda, kule Manyamanyama, na huja kutuona mwisho wa mwezi. Macho yangu hayaziwezi tena herufi ndogo, ila masikio ninayo. Basi mimi huchambua dagaa kwenye ungo, nikitoa mchanga na vijiwe, na mjukuu wangu hukaa karibu na simu ya kupangusa aliyoniachia mjomba wake, akasoma kwa sauti.

Tunachosoma ni blogu. Debora alinieleza kwamba blogu ni mahali kwenye mtandao ambapo mtu huandika mambo yake mwenyewe, na yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma. Tulikuwa na kadhaa tulizozipenda. Kuna ya Ngusa, fundi baiskeli wa Manyamanyama, anayeandika habari za kila baiskeli inayofika kwake: imetoka wapi, ilikuwa imebeba nini, na imeumia wapi. Lakini iliyotushika zaidi iliitwa Uani kwa Mama Magesa.

Mama Magesa ni mama wa makamo, anaishi Mwitongo, Butiama. Hana makuu. Anaandika juu ya kuku wake anayetagia ndani ya gambuti, majirani waliokuja kumpukuchulia mahindi bila kuitwa, na wageni wanaopita kuuliza njia. Akiandika, unamwona. Mara nyingine Debora hucheka mpaka anashindwa kuendelea, nami namngoja na ungo wangu.

Jioni moja alinyamaza katikati ya kusoma.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Bibi, anaacha!"

"Nani anaacha nini?"

Akanisomea: "Wasomaji wangu, kama mpo. Huu mwaka wa tatu naandika, na sijasikia hata mtu akikohoa. Naona nimekuwa nikiongea na mbuzi wangu tu, na yeye hajui kusoma. Mwisho wa mwezi huu nitafunga blogu hii nipumzike."

Tukatazamana. Nilihisi kama jirani ameniambia anahama.

"Lakini Jumatano kuna kilabu ya wasomaji," Debora akasema, na uso ukaanza kumchangamka. "Mwalimu Isidori amesema kila mmoja apendekeze blogu anayoipenda. Itakayopigiwa kura nyingi itasomwa na kilabu nzima kwenye kompyuta za shule. Nitaitaja hii! Atapata wasomaji wengi mara moja!"

Jumatano hiyo alikwenda shule akirukaruka. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na yeye mwenyewe, na mengine niliambiwa na mwalimu wake.

Gody ndiye aliyesimama kwanza. Gody ni mtoto wa jirani yetu, mchangamfu, mwenye mdomo usiopumzika. Alipendekeza blogu ya mpira na wote wakashangilia. Akafuata Recho, msichana mpole anayekaa dawati moja na Debora. Recho alipendekeza ile blogu ya Ngusa wa baiskeli.

"Baiskeli!" Gody akadakia. "Sisi tunataka ndege, wewe unatuletea pancha!"

Darasa likacheka. Recho naye akacheka kidogo, akakaa. Zamu ikawa ya Debora.

Hapo ndipo moyo ulipomsaliti. Aliona kwamba kama baiskeli imechekwa, kuku wa kwenye gambuti atachekwa zaidi. Akalikumbuka jina la blogu kubwa ya msafiri mmoja, jina aliloliona siku moja likipita kwenye simu. Hakuwahi kuifungua.

"Mimi napendekeza Dunia Mkononi," akasema. "Ni ya mtu anayesafiri. Ninaisomaga kila siku."

"Vizuri sana," akasema Mwalimu Isidori. "Safari gani ilikufurahisha zaidi?"

"Ya... Ulaya."

"Ulaya sehemu gani?"

"Kote, mwalimu."

"Kote!" Gody akasema. "Alipanda ungo nini?"

Darasa zima likaangua kicheko. Debora alitamani sakafu ifunguke. Mwalimu Isidori angeweza kumbana pale pale mbele ya wenzake, lakini hakufanya hivyo. Alisema tu, "Kaa, Debora. Ukiwa tayari utaniambia vizuri. Muda umekwisha, kura tutapiga Ijumaa." Na walipotoka nje, Recho alimkatia nusu ya kiazi chake bila kumuuliza lolote. Mambo kama hayo mimi huyaweka moyoni.

Aliporudi nyumbani sikumwuliza. Nilimpa uji, akanywa. Nikampa ungo, akachambua, akitupa dagaa na kubakiza mchanga. Nilipomwona anafanya hivyo nikajua mzigo ni mzito.

"Utatulisha mchanga leo," nikamwambia.

Akacheka na kulia kwa pamoja, akanieleza yote.

"Bibi, nimesema uongo. Halafu Mama Magesa sijamsaidia. Nilikuwa na nafasi nikaipoteza."

"Nafasi yenyewe imekwisha?"

"Kura ni Ijumaa. Lakini itabidi niseme kwamba ile ya leo sikuisoma. Watanicheka."

"Leo hawakukucheka?"

"Walicheka sana."

"Na bado uko hai, umemaliza na uji." Nikamsogelea. "Mjukuu wangu, walikucheka kwa sababu ulitaja kitu usichokijua. Sasa taja unachokijua. Wakicheka, angalau watakuwa wamekicheka kilicho chako."

Mimi nami nilikuwa na langu la kuuliza.

"Huyu mama akiandika, hakuna mahali pa kumjibu?"

"Papo, bibi. Pale chini pameandikwa Maoni."

"Mbona hatujawahi kumjibu?"

"Nilikuwa naogopa. Yeye mtu mzima, mimi mtoto. Nitamwanzaje?"

"Hapa Makoko ukikutana na mtu mzima njiani unamwanzaje?"

"Shikamoo."

"Basi. Sisi tumekuwa tukiingia uani kwa huyu mama kila jioni. Tumekaa, tumecheka, tumeshiba, tukaondoka bila hodi wala shikamoo. Ndiyo maana anadhani hakuna mtu."

Debora akashika mdomo. "Bibi! Tumekosa adabu!"

Akaichukua simu haraka ili amsalimie, kumbe bando lilikuwa limekwisha. Nikamwambia asihangaike. Aende kwanza akanyooshe mambo shuleni, na salamu apeleke pamoja na wenzake.

Ijumaa kilabu ilipokutana, Debora alinyoosha mkono kabla ya kura.

"Mwalimu, naomba nibadilishe. Ile blogu niliyoitaja sijawahi kuisoma. Nilidanganya kwa sababu niliogopa kuchekwa."

Gody akageuka kumtazama.

"Asante kwa kusema ukweli," mwalimu akajibu. "Haya, ipi unayoipenda kweli?"

"Uani kwa Mama Magesa, wa Mwitongo. Naomba niwasomee kidogo."

Alikuwa ameinakili hadithi moja kwenye daftari zamani, siku tuliyoisoma. Akasoma: "Leo nimepata mgeni kutoka mbali. Nilimpa kiti kivulini, akavua kofia akaiweka magotini. Nilipotoka jikoni na chai, kofia ilikuwa mdomoni mwa mbuzi. Nikachukua fimbo. Mgeni akaniambia: Mama, tafadhali mwache amalize. Kofia hiyo alininunulia shemeji yangu, na nimetafuta sababu ya kuipoteza tangu Krismasi."

Darasa lilicheka, na safari hii Debora alicheka nao. Gody aliangukia dawati.

"Soma tena hapo kwa shemeji!" akapiga kelele.

Debora akasoma tena, kisha akawaeleza kwamba Mama Magesa anataka kuacha kwa kudhani hakuna anayemsoma.

"Aache?" Gody akauliza. "Na mbuzi tutamjuaje anaendeleaje?"

Kura zilipopigwa, Mama Magesa aliipita blogu ya mpira, na Gody mwenyewe alimpigia. Halafu akamgeukia Recho. "Na huyo fundi wako wa pancha nitamsoma wiki ijayo, usininunie." Recho akasema hakununa, ila asipomsoma atamnunia kweli.

Mwalimu Isidori akafungua kompyuta, wakapanga foleni ili kila mmoja aandike neno lake. Debora alitangulia. Aliandika: "Shikamoo, Mama Magesa. Mimi ni Debora wa Makoko. Mimi na bibi yangu tunakusoma kila jioni. Samahani hatukukusalimia. Tafadhali usiache." Wa pili akaja. Angemwanzaje mtu mzima? Akaandika: "Shikamoo." Wa tatu: "Shikamoo mama." Wa nne: "Shikamoo, pole na kazi." Wengine walikuwa na mengi ya kusema, lakini walipokaa mbele ya kompyuta kilichotoka kilikuwa shikamoo. Gody tu ndiye aliyeongeza: "Shikamoo. Mbuzi hajambo?"

Mwalimu aliniambia alitaka kuwaambia waandike na jambo jingine, kisha akaona awaache.

Jumatatu Debora alirudi nyumbani mbio, mkoba ukimpigapiga mgongoni. "Bibi, amejibu! Kila mtu amemjibu!"

Nilikuwa nimenunua bando. Akafungua akanisomea. Chini ya kila salamu Mama Magesa alikuwa ameitika, na kwa jina kama jina lilikuwepo. "Marahaba, Recho." "Marahaba, mwanangu usiye na jina." "Marahaba, Gody. Mbuzi hajambo, leo amekula kamba iliyomfunga, kwa hiyo sijui alipo."

Na juu kabisa kulikuwa na andiko jipya. "Jumamosi nimefungua simu nikadhani imeharibika. Shikamoo, shikamoo, shikamoo, mpaka chini. Nikamwita jirani: njoo uone, simu yangu imepata adabu! Nimeitika marahaba mpaka sufuria ya maharage imeungua, na sikusikitika. Watoto wa Makoko, kumbe uani kwangu kulikuwa na watu. Sifungi tena. Mkija kesho mtanikuta."

Debora akaibusu simu. Nikakifuta kioo kwa khanga, nikamkalisha.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Ukimpendekezea mtu kitu, pendekeza ulichokisoma na kukipenda wewe, hata kama ni kidogo. Uongo ulikupa aibu, ukweli umekupa wenzako wa kucheka nao. Na mtu akikufanyia jema, mwambie angali anaweza kukusikia. Huyu mama ilibaki kidogo tu tumkose, na kumbe alichohitaji ni salamu."

"Nimeelewa, bibi." Halafu akanitazama kwa ujanja. "Lakini wewe hujamsalimia."

Kweli. Hapo nikakwama, kwa sababu mimi nimemzidi huyo mama umri, siwezi kumwamkia. Nikafikiri, kisha nikamwambia, "Andika hivi: Mimi ni bibi yake Debora. Nimetimiza miaka sabini na miwili. Nimekaa hapa uani kwako nangoja kusalimiwa."

Debora aliandika huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Hatukuwa hata tumeinjika ugali, simu ikalia.

"Amejibu, bibi! Anasema: Shikamoo mama yangu! Nisamehe kwa kukukalisha muda wote huo bila chai."

"Marahaba, mwanangu!" nikaitika kwa sauti kubwa, nimeiinamia simu, kama vile Mwitongo ipo nyuma ya ua wetu.