Mji Uliopata Alama Themanini

Saa nne asubuhi, stendi ya mabasi imefurika, fundi cherehani alikuwa ameinamia sketi ya mteja alipoona viatu vyeusi vinavyong'aa vimesimama mbele ya kibanda chake. Mwenye viatu alikuwa kijana mrefu, shati la samawati limechomekewa vizuri, fomu mkononi.

"Samahani, dada. Tunapima jinsi mji huu unavyofaa kuishi. Kuanzia moja hadi kumi, maji unayapa ngapi?"

"Sifuri."

"Sifuri haimo. Tunaanzia moja."

"Basi usiniulize."

Mdodosaji akacheka, akavuta stuli bila kukaribishwa. Maswali yalikuwa arobaini: barabara, taka, taa, zahanati. Fundi alijibu huku akishona, hasira zikimpanda kila swali, ila hakumfukuza. Hakuna aliyewahi kumuuliza mambo hayo na kungoja jibu.

Kesho yake mdodosaji akarudi, eti amesahau swali moja. Keshokutwa yake akaleta suruali isiyo na kasoro yoyote, ipunguzwe.

"Maswali yako hayaishi?"

"Yamebaki ya nje ya fomu."

Miezi mitatu ikapita kwa simu za kila mchana, na fundi akazoea kuitwa mpenzi huku uzi ukiwa mdomoni. Kisha redio ikatangaza: mji wao umeshika nafasi ya kwanza kati ya miji midogo, alama themanini kwa mia. Maji, tisini. Fundi alikuwa ndiyo kwanza anatua ndoo. Akapiga simu mikono ikiwa bado imelowa.

"Tisini? Uliandika nini wewe?"

"Niliandika ulichosema. Ila kinachohesabiwa ni nyumba zenye bomba."

"Bomba langu mwezi wa nne huu halijatoa hata tone."

"Najua, mpenzi. Hilo halihesabiwi."

"Ulijua, ukaniacha niongee?"

Mdodosaji akaanza kumweleza taratibu za fomu. Maelezo hayo yalimuuma fundi kuliko zile tisini. Akakata simu, na kwa wiki tatu hakuipokea, hata shoga yake muuza vitambaa alipomsihi.

Alhamisi moja, fundi akiwa kwenye foleni ya kisima, mdodosaji akatokea, amekonda, shati limejikunja.

"Nilimwandikia mkuu wa utafiti kurasa sita. Akasema ripoti imeshatoka, niache ujeuri. Nikaacha kazi."

"Ripoti imebadilika?"

"Hapana."

"Kwa hiyo mimi sina maji, na wewe huna kazi."

"Ndiyo. Na nataka kukuoa."

"Dada, foleni inasogea," mama mmoja akasema nyuma yao.

Fundi akasogea. Alikuwa na maneno makali ya wiki tatu, ameyapanga vizuri, lakini alipomtazama yule mtu alijiona mwenyewe amechoka kukasirika peke yake.

"Jumamosi uje kwa mama," akasema. "Ataanza kwa kukugombeza. Mwache amalize. Na hilo shati uniletee kesho nilipige pasi, siwezi kukupeleka nyumbani hivyo."